Saizi ya tairi na rimu: tunajibu maswali yenu

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina IST old model ya cc 1490, mlangoni imeandikwa 185/65R15. Nimekutana na rimu za 18 Kariakoo, kali sana afu bei haijachangamka, na fundi kaniambia zinaingia bila kugusa chochote na gari itanyanyuka. Wife hataki kabisa, anasema ntaharibu gari. Nani yuko sahihi? Natumia gari mjini na kila mwezi naenda kijijini Kondoa kuona wazee. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Salama kabisa kaka. Msikilize shemeji, ila ngoja nikueleze kwa nini ili usije ukadhani nimempendelea.

Hizo namba za mlangoni ndo kila kitu. 185 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni asilimia, maana yake ubavu wa tairi una urefu wa asilimia 65 ya huo upana, na 15 ni inchi za rimu. Chukua kalkuleta ya simu: 185 mara 0.65 unapata kama milimita 120, huo ni ubavu mmoja, zidisha mara mbili kwa sababu kuna wa juu na wa chini, inakuja 240. Rimu ya 15 ni milimita 381. Jumla tairi yako ina kimo cha kama milimita 621. Hii 621 iandike mahali, kila tairi utakayouziwa maishani kwenye hiyo IST ipigie hesabu kwanza uone inakaribia hapo au inakimbia, mi huwa sipendi ipite asilimia 2 juu wala chini.

Sasa fundi wako ana ukweli nusu. Rimu ya 18 ikivalishwa 205/40R18 kimo chake nacho ni 621, kwa hiyo ni kweli inaingia. Lakini hapohapo ona kitu, kama kimo ni kilekile gari itanyanyuka vipi? Haiongezeki hata milimita moja kutoka chini! Wengi wanaamini rimu kubwa inapandisha gari, si kweli, kinachopandisha gari ni kimo cha tairi nzima, rimu ikikua na kimo kikibaki palepale basi kilicholiwa ni ubavu. Wako ulikuwa 120 sasa unabaki 82, umepoteza karibu sentimita 4 za mpira na upepo, na hizo sentimita 4 ndo zilikuwa zinapokea shimo kabla halijafika kwenye rimu.

Ukiingia kwenye shimo na ubavu mfupi, ukingo wa shimo unaubana mpira dhidi ya mdomo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, kesho yake unaona tairi imetoa nundu pembeni saizi ya yai. Hiyo haitibiki, usidanganywe na mtu wa viraka, ni ya kutoa maana inaweza kupasuka ukiwa spidi. Rimu nayo inapinda, stelingi inaanza kutetemeka, na mtikisiko wote ambao mpira ulikuwa unaumeza unahamia kwenye shokapu, bushi na boljointi. Na rimu ya 18 mara nyingi ni nzito kuliko ya 15, injini ya cc 1490 utaisikia inavyohangaika kuondoka kwenye mataa, na mafuta utayaona.

Halafu madukani huwa hawakupi 205/40 unayoitaka, wanakupa iliyopo. Ukipewa 225/40R18 kimo kinapanda mpaka 637, yani asilimia 2.5 zaidi, hiyo sasa ndo utasikia inakwaruza fenda ukipakia watu wanne na kukata kona yote. Na mshale unakudanganya, ukisoma 80 gari iko kama kilomita 2 juu ya ile 80 uliyoizoea, na kwenye vibao vya 50 tochi haijui kama umebadilisha tairi.

Ushauri wangu kama roho imeshapenda rimu: nenda 16, vaa 195/55R16. Kimo 621, ubavu 107, gari inapendeza, na Kondoa unafika bila kushuka kuangalia rimu kila ukipita korongo. Zaidi ya hapo kwa IST inayotoka nje ya lami mi sishauri, hata kama pesa ipo.

Na kabla hujalipa geuza rimu uangalie nyuma. IST yako ni nati nne, PCD (mpangilio wa matundu ya nati) ni 4x100, yani matundu manne kwenye duara la milimita 100, kuna rimu za 4x114.3 zinafanana kwa macho, fundi asiye mwaminifu atalazimisha nati na nati ikikaa upande itakuja kulegea. Angalia pia tundu la katikati, habu ya IST ni milimita 54.1 wakati rimu nyingi za dukani zina 67.1 au 73.1, zinahitaji ringi ya kujazia hapo katikati, usipoiweka unaweza kubalansi mara kumi na gari bado itacheza ukifika 90. Mwisho kuna namba ya ET, hiyo ni milimita zinazoonyesha rimu inakaa ndani au nje kiasi gani, ikiwa ndogo rimu inatoka nje zaidi. Kama rimu yako ya sasa ni ET45 na unayouziwa ni ET25, kwa upana uleule tairi itatoka nje sentimita 2, hapo fenda lazima iguse na beringi za magurudumu zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Wakishafunga usiondoke, jaza watu kwenye gari, kata stelingi yote kulia, yote kushoto, pita kwenye tuta taratibu huku masikio yako nje.

SWALI: Sasa boss, niko na Probox, naendanga nayo Molo kuchukua waru (viazi) napeleka soko Nakuru. Ilikuja na 155/80R14 iko na LT. Jamaa wa tairi anasema niweke 175/65R14 za saloon, ni bei poa na gari inakuwa stable. Niweke ama? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usiweke ndugu yangu, tafadhali. Kwako wewe shida kubwa ni mzigo, kimo kinafuata. Hiyo LT maana yake ni tairi ya gari ndogo ya mizigo. Kwenye ubavu wa tairi yako ya zamani tafuta 88/86 baada ya saizi, hiyo 88 maana yake tairi moja ikiwa na upepo wake kamili inabeba kilo 560. Tairi ya kawaida ya 175/65R14 kwa kawaida ni 82, yani kilo 475. Umepoteza kilo 85 kila kona, na waru zote zimelala nyuma, kwa hiyo zile mbili za nyuma ndo zinaumia. Tairi iliyozidiwa inachemka, ikichemka mpira unaachana na nyuzi, na huwa inatokea ukiwa umejaza na unateremka, si ukiwa tupu.

Kimo nacho kinashuka kutoka 603 mpaka 583, gari inakaa sentimita moja chini zaidi, na barabara za huko Molo mvua ikinyesha unazijua kuliko mimi. Ukitaka upana wa 175, tafuta iliyoandikwa C mwishoni, yani 175/65R14C, zipo zenye 90/88, hizo zinabeba hadi kilo 600, ila kimo kinabaki kifupi vilevile. Mi ningerudisha 155/80R14 LT zilezile, nikajaza upepo wa nyuma kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema kwa gari yenye mzigo. Hizi za LT zinataka upepo mwingi kuliko za saloon, ukizijazia kama za saloon faida yote imepotea.

SWALI: Shikamoo. Forester yangu ya 2009 inatumia 215/65R16. Tairi mbili za mbele ziliisha nikakuta 215/60R16 ndo zipo, nikafunga. Tofauti ni 5 tu, kuna neno? – Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Lipo neno, na ni kubwa. Hiyo 5 ni asilimia, ukiipigia hesabu tairi za mbele zimekuwa fupi kwa milimita 21 na nusu, kwa hiyo kila mzunguko mmoja za mbele zinaachwa na za nyuma kwa sentimita 6 na zaidi. Gari ya kawaida ingevumilia, Subaru inayovuta miguu yote minne haivumilii, kwa sababu mfumo wa kati unaogawa nguvu mbele na nyuma unadhani tairi zinateleza muda wote, unafanya kazi bila kupumzika, unachemka mpaka unakufa. Subaru wenyewe wanataka urefu wa kuzunguka tairi, kwa zote nne, usipishane zaidi ya robo inchi, ni milimita 6 tu, we uko mara kumi na zaidi.

Ndo maana hata saizi ikiwa sawa hushauriwi kuchanganya mbili mpya na mbili zilizokaribia kipara. Kama pesa ya nne haipo kwa sasa, tafuta mbili za 215/65R16 zilizolika sawa na hizo za nyuma, aina ileile, uzipime kina cha meno pale dukani kabla hujafunga. Na hizo 60 zitoe wiki hii hii, safari ya mbali isubiri.