Maswali ya Wasomaji: Alama za mazoezi zimegoma kupanda

Shikamooni. Nipo kidato cha sita, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na nia yangu ni udaktari. Tangu Januari nimefanya pepa tano za Fizikia za miaka iliyopita, kila moja kwa saa tatu: 54, 57, 53, 56, 55. Kemia inacheza kwenye 60, Baiolojia 66. Maswali ya mwisho huwa siyafikii. Kila usiku nasoma notisi, na nikizisoma naelewa vizuri. Mbona sipandi?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

Marahaba, mdogo wetu. Hapo uliposema "nikizisoma naelewa" ndipo tatizo lilipojificha. Kulitambua jambo ukiliona kwenye notisi ni kazi moja, kulitoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni kazi nyingine, na mtihani unapima hiyo ya pili. Kila usiku unafanya zoezi ambalo hakuna atakayekutahini.

Chukua ile pepa ya 55. Alama 45 zimepotea, zitafute zilikokwenda. Pembeni ya kila alama iliyokatwa andika herufi moja kwa kalamu nyekundu: J kwa kitu ambacho hukukijua kabisa, S kwa ulichokijua kikakutoka, H kwa hesabu na vizio, E kwa swali ulilolielewa vibaya, M kwa muda kuisha. Kisha jumlisha. Tuseme umepata J 8, S 10, H 9, E 6, M 12. Basi hata ukizimeza notisi zote, utarudisha 8 tu. H na M peke yake ni 21. Hazitarudi zote, lakini hata nusu yake inakutoa D na kukuweka C bila kusoma mada mpya hata moja.

Tuanze na M, maana ndiyo inayotibika haraka. Una dakika 180 kwa alama 100. Ukitumia dakika 1.6 kwa kila alama, swali la alama 10 linapewa dakika 16 na la alama 15 dakika 24. Pepa yenye maswali saba ya alama 10 na mawili ya alama 15 itakula dakika 160. Zinabaki 20: tano za mwanzo za kusoma na kuchagua, 15 za mwisho za kukagua. Dakika 16 zikiisha na jibu halijatoka, acha nafasi, hama. Alama mbili tatu za kwanza za swali jipya ni rahisi kuliko ile moja ya mwisho unayoing'ang'ania. Najua inauma kuacha swali ulilolianza, ndiyo maana lazima ulifanyie mazoezi sasa, usingoje Mei.

Kwenye H, kabla ya kila pepa bonyeza sini ya 30 kwenye kikokotoo. Ikija 0.5, uko kwenye nyuzi. Ikija −0.988, uko kwenye radiani, na kila swali la pembe litakufa hata kama njia yako ni sahihi. Kosa jingine ni sentimita zisizogeuzwa kuwa mita: likiingia kwenye kipeo cha pili, kosa la mara 100 linakuwa la mara 10,000. Andika kizio kwenye kila mstari wa hesabu. Mstari ambao vizio vyake havikubaliani utauona mwenyewe kabla ya msahihishaji.

E inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza na kitenzi cha kwanza cha swali ndicho kinachoamuru. Kuna kutaja na kuna kueleza. Kwa mfano kwenye Baiolojia, ukiulizwa kwa nini mtama hustahimili joto na ukame, kujibu kwamba ni mmea wa C4 ni kutaja. Kueleza ni kufika kwenye kimeng'enya kinachonasa kaboni dayoksaidi hata stomata zikiwa zimefunguka kidogo, hivyo maji kidogo yanapotea na fotorespiresheni (mmea kupoteza kaboni uliyokwisha kuinasa) inapungua. Kila hoja iwe na "kwa sababu" yake.

S zitungie daftari: swali ukurasa wa kushoto, jibu wa kulia. Funika kulia, ujibu kwa kuandika, baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Ukilikosa, lianze upya. Muda wa kazi hii utaupata kwenye ule wa notisi za usiku.

Na kabla ya pepa nyingine, ingia tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, upakue uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa somo lako. Ni bure, na una sampuli za majibu mazuri na mabaya. Wanafunzi wengi hukimbilia pepa zenyewe na kuuacha, nasi tunaona ni hasara kubwa.

Titresheni zangu (kupima ujazo wa myeyusho mmoja unaomaliza mwingine) hazikubaliani: 23.4, 24.1, 22.9. Na kwenye kutambua chumvi napata kloraidi hata isipokuwepo. Nakosea wapi?
Msomaji, Mpwapwa

Hiyo dalili ya pili inatufanya tuyashuku maji kwanza. Maji ya visima vingi vya ukanda wetu yana chumvi. Yakiwa na kloraidi, nitrati ya fedha italeta mashapo meupe hata sampuli uliyopewa ikiwa haina. Hakikisha hivi: weka sentimita za ujazo 2 za maji hayo matupu kwenye testitubu, matone ya asidi ya nitriki, kisha nitrati ya fedha. Yakigeuka meupe, umempata mwizi.

Maji hayohayo yana haidrojenikaboneti, nayo hula asidi; ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai hutokana nayo. Ukiyasuuzia flaski, na kila safari yakabaki kiasi tofauti, usomaji nao utatofautiana. Flaski isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa tu, kamwe isisuuzwe kwa myeyusho utakaoupima. Bureti na pipeti, mirija ya kupimia ujazo, ni kinyume: baada ya maji, kila moja isuuzwe kwa myeyusho wake, vinginevyo matone ya maji yataupunguza nguvu.

Kisha ondoa faneli juu ya bureti, toa kiputo cha hewa chini ya koki, soma jicho likiwa usawa wa mstari, na andika desimali mbili. Wastani tafuta kwa zile tu zinazotofautiana kwa 0.2 au chini. Hizo tatu zako hazina wastani; rudia.

Mwanangu anafanya pepa mbili kila siku mpaka saa nane usiku, na alama zinashuka. Nimwache?
Mzazi, Kongwa

Usimwache, mzazi wetu. Pepa mbili ni saa sita za kuandika. Masahihisho yanafanyika saa ngapi? Apange pepa moja, aifanye asubuhi kichwa kikiwa kimepumzika, na kesho yake asifanye nyingine bali aisahihishe ile kwa muda uleule wa saa tatu. Saa nne usiku taa izimwe. Anayelala kwa muda wa saa nne tu hujaza makosa ya hesabu na ya kusahau (zile H na S za jibu la kwanza) kwenye pepa yake, hata kama mada anazijua zote.