Tuliandika "kila mtu na mali yake", kisha nikamwachia bwana asaini

Siku ya ndoa yetu komineni, hapa Lubumbashi, Kongo, afisa wa etasivili, yule anayeandikisha ndoa, alituuliza tunachagua rejimu gani ya mali, yaani utaratibu gani wa kumiliki mali katika ndoa. Nilijibu kabla bwana yangu hajakohoa: kila mtu na mali yake. Nyuma yangu shangazi yake akaguna. Kwake yeye, anayetenganisha mali anatayarisha talaka. Afisa akaandika, tukapiga picha, tukaenda kula bukari. Nikadhani mambo yamekwisha.

Miaka tisa baadaye, mpangaji wangu wa Bel-Air akanipigia. "Mama, nimeletewa barua ya watu wa kodi ya serikali. Wanasema pesa ya nyumba nisikupe wewe, nipeleke kwao." Deni lilikuwa la malori ya bwana. Nyumba ni yangu, niliinunua kwa pesa ya vitenge, tena hata hatujajuana.

Nilivaa viatu niende kugombana. Nashukuru nilifungua faili kwanza. Mkataba wa mpangaji: sahihi ya bwana. Risiti zote: jina la bwana. Hata kodi ya mapato ya nyumba tulikuwa tunailipa kwa namba yake. Eti mpangaji anamheshimu zaidi mwanaume! Basi ofisi ilisoma karatasi ambazo sisi wenyewe tuliiandikia.

Sheria ya familia ya 1987 inatoa rejimu tatu: mali mbalimbali (kila mtu na yake), mali iliyopatikana ndani ya ndoa kuwa ya wote, au kila kitu pamoja. Usipochagua, unaangukia ile ya pili. Zamani mke alihitaji ruhusa ya bwana kusaini mambo ya sheria. Marekebisho ya 2016 yaliondoa hilo. Kwa hiyo mimi sikuwa na kisingizio, ni mazoea tu.

Kilichoniokoa ni karatasi mbili: nakala ya cheti cha ndoa yenye ule mstari wa rejimu, na sertifika ya uandikishaji wa kiwanja yenye jina langu. Kwa sheria yetu ya ardhi ya 1973, sertifika hiyo ndiyo inayothibitisha mwenye kiwanja. Avoka, yaani wakili wangu, aliziambatanisha na barua ya malalamiko, akadai muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Huo muhuri usiuache. Bila huo, kesho utaambiwa hukuleta kitu. Niligonga mlango wao wiki nyingi, zuio likaondolewa.

Kwa hiyo dada, ukichagua mali mbalimbali, ichague kila siku. Mkataba wa mpangaji usaini wewe, namba ya kodi iwe yako, na kodi inayokuhusu uilipe, maana kutenganisha mali hakukuondolei deni lako mwenyewe. Faktura (ankara) ya friza na ya cherehani, jina lako. Mtu akija kuhesabu vitu sebuleni kwa ajili ya deni la bwana, hataamini mdomo wako. Na kama bwana ana deni tayari, usikubali kuandikiwa lori lake kwa jina lako ili lifichwe. Huko unajitafutia kesi yako.

Miezi miwili ya pesa ya nyumba ilikuwa imekwisha kuingia kwenye deni la malori. Bwana ananirudishia kidogo kidogo. Kila akitoa naandika kwenye daftari, na yeye anasaini.