Wasomaji Wanauliza: BU, BC na Hesabu za Mwanzo wa Msimu

Barua nyingi za safari hii zimetoka Massachusetts, Marekani, ambako msimu wa hoki ya barafuni ya vyuo umefunguliwa na mashabiki wa Boston University (BU) na Boston College (BC) wameanza kutambiana. Tumechagua zile zinazoulizia mambo ambayo shabiki anaweza kuyathibitisha mwenyewe akiwa jukwaani.

SWALI: Kila Oktoba ni mabishano. Timu ikishinda mechi nne za kwanza, watu wanasema ubingwa huo. Ikipoteza mbili, kocha afukuzwe. Mimi ni BU, jirani yangu ni BC. Mtu atajuaje mapema kama timu ni nzuri kweli au imebahatisha, na watani wetu nao vilevile? – Mwanafunzi, Allston, Boston

Kwa mwezi wa Oktoba, matokeo ni ushahidi dhaifu. Hoki ina magoli machache: timu hupiga langoni kama mara 30 kwa mechi na kufunga kama mara 3, yaani asilimia 10 hivi. Puki, kile kisahani kigumu kinachochezwa badala ya mpira, ikigonga skeiti ya beki na kubadili njia, mechi imeamuliwa. Kwa hiyo hesabu kile kinachotokea mara nyingi, nacho ni mashuti, hasa yale ya hatari.

Chora lango kwenye daftari, halafu mbele yake chora umbo la nyumba. Anzia kwenye milingoti miwili, tanua mistari hadi zile nukta mbili za kuangushia puki, kushoto na kulia, kisha panda moja kwa moja hadi usawa wa juu wa miduara inayozizunguka nukta hizo. Shuti lililopigwa ndani ya eneo hilo liwekee alama nzito, la nje alama nyepesi. Fanya hivyo kwa timu zote mbili, na uandike tu wakati kila upande una wachezaji watano mbali na kipa, na tofauti ya magoli haizidi moja.

Sharti hilo la mwisho ndilo husahauliwa, na ndilo huharibu madaftari ya wengi. Timu inayoongoza 4-1 hurudi nyuma, hubutua puki na kusubiri muda uishe, na walioachwa nyuma hupiga kutoka kila pembe. Mechi inaisha, ubao unaonyesha waliofungwa wamepiga mashuti 38 na washindi 22, na watu wanatoka wakiamini timu yao ilistahili kushinda. Rudi kwenye daftari uangalie hali ilivyokuwa wakati mechi bado ni 1-1. Hapo ndipo utaona nani alikuwa anaumiliki mchezo.

Baada ya mechi sita jumlisha. Kama katika kila alama nzito 100 timu yako ina 55, iko vizuri hata ikiwa imepoteza mechi tatu. Ikiwa na 45 au chini yake na bado imeshinda tano, inabebwa na kipa wake au na bahati, na yote mawili huwa yanashuka kadiri baridi inavyokolea.

Kuna hesabu ya pili, nyepesi zaidi. Chukua asilimia ya mashuti yenu yaliyoingia, ongeza asilimia ya mashuti ambayo kipa wenu ameokoa. Kwa timu zote zikijumlishwa pamoja, jibu ni 100, kwa kuwa kila goli la huyu ni shuti lililomshinda kipa wa yule. Timu yenye 105 mwishoni mwa Oktoba itegemee kushuka. Yenye 95 itapanda, ilimradi alama zake nzito ni nyingi. Kabla ya kupiga hesabu, toa magoli ya lango tupu, yale yanayofungwa wakati wapinzani wamemtoa kipa dakika za mwisho ili waongeze mshambuliaji. Ushindi wa 5-2 wenye magoli mawili ya aina hiyo ulikuwa 3-2. Mechi za kujipima nguvu usiziingize kabisa, kwa sababu makocha huzitumia kujaribu wachezaji.

Ila usizidharau pointi za Oktoba. Mashindano ya taifa huchukua timu 16: mabingwa wa ligi sita huingia moja kwa moja, na nafasi zilizobaki hutolewa kwa hesabu ya kompyuta inayopima ushindi na ugumu wa wapinzani. BU na BC wako Hockey East, ligi ya timu 11, na mapema katika msimu ndipo timu za ligi hiyo hukutana zaidi na wageni kutoka ligi nyingine. Mechi hizo ndizo zinazoipa ligi nzima uzito wake kwenye kompyuta, hivyo ushindi wa BC dhidi ya timu ngumu ya magharibi mwezi Oktoba unawasaidia hata BU ifikapo Machi. Tunajua ni vigumu kuushangilia.

Jirani yako naye mpime kwa daftari hilohilo. Usipowahesabia BC alama zao nzito kwa haki, utabaki na hesabu ya kujifurahisha.

SWALI: Kipa wetu ameshafungwa magoli manne manne katika mechi mbili. Si wakati wa kumweka benchi? – Msomaji, Worcester

Tuanze na ukubwa wa ushahidi. Hata ukisubiri hadi mechi sita, mashuti 28 kwa mechi ni 168 tu. Kipa anayeokoa asilimia 90 ni wa kawaida, na wa asilimia 92 ni mzuri sana. Katika mashuti 168, tofauti kati yao ni magoli matatu na kidogo. Beki akiteleza mara tatu, kipa mzuri sana anaonekana wa kawaida.

Kwa hiyo yaangalie yale magoli yenyewe, moja baada ya jingine. Ukiona puki imepasiwa kutoka upande mmoja wa lango hadi wa pili na kupigwa papo hapo, goli hilo ni la mabeki walioiacha pasi ipite. Kipa analazimika kusukuma mwili mzima kutoka mlingoti hadi mlingoti, upana wa mita 1.83, kwa muda usiofika sekunde moja. Goli lililogongwa na fimbo ya mtu aliyesimama mbele yake nalo si lake. Mdai kipa haya mawili: shuti la pembeni kabisa lililopenya kati ya mwili wake na mlingoti wa karibu, na puki aliyoizuia ikarudi katikati, mbele ya lango, badala ya kusukumiwa kwenye kona. Kati ya magoli manane mliyofungwa, yakiwa manne au zaidi ya namna hizo, una haki ya kuwa na wasiwasi.

Angalia pia anaposimama. Lango lina kimo cha mita 1.22 tu, na kipa anayetoka hadi ukingo wa eneo lake la buluu hulifunika karibu lote. Akipoteza imani hurudi nyuma, visigino karibu vinagusa mstari wa goli, na pembe mbili za juu zinafunguka. Ukifungwa mara kwa mara juu ya bega, mtazame miguu kabla ya kumlaumu mkono.

Na kikosi cha Oktoba si lazima kiwe cha Aprili. Mikhail Yegorov alijiunga na BU Januari 2025, katikati ya msimu, akitoka ligi ya vijana ya Marekani, akachukua lango na timu ikafika fainali ya taifa. Wakati mashabiki wanabishana juu ya makipa msimu ulipoanza, yeye hakuwa hata chuoni.

SWALI: Tukiwa na mtu mmoja zaidi uwanjani tunashindwa kufunga. Tatizo ni wapigaji? – Shabiki wa BC, Newton

Mara nyingi tatizo huanza mita 40 kutoka langoni. Adhabu ndogo humtoa mpinzani kwa dakika 2, yaani sekunde 120. Wapinzani wakiibutua puki hadi upande wa pili, kuirudisha na kujipanga upya hula sekunde 20 au zaidi. Wakibutua mara tatu, nusu ya muda imekwisha bila shuti. Chukua saa ya simu uhesabu sekunde ambazo puki imekaa ndani ya mstari wa buluu wa wapinzani, ule unaotenga eneo la lango lao, mikononi mwenu. Zikifika 60 kwa kila adhabu kamili, magoli yatakuja. Zikiwa 30, tatizo ni namna ya kuingia: anayebeba puki anafika kwenye mstari wa buluu akiwa amepunguza mwendo na kukuta ukuta wa watu wanne.

Kiwango cha kawaida ni goli moja katika nafasi tano za kuwa na mtu zaidi. Baada ya nafasi 20, timu yenye magoli mawili na yenye magoli sita zinaweza kuwa sawa kabisa kwa ubora. Subirini nafasi 50.

SWALI: Mbona mwaka wa kwanza siku hizi wanaonekana watu wazima, tena wengi kutoka Kanada? – Msomaji, Lowell

Umri si jambo jipya. Wengi hucheza ligi za vijana baada ya sekondari, hivyo kuanza chuo na miaka 19 au 20 ni kawaida. Jambo jipya ni sheria. Zamani aliyecheza ligi kuu tatu za vijana za Kanada, zilizo chini ya shirikisho la CHL, alihesabiwa kama mchezaji wa kulipwa na kufungiwa mlango wa vyuo. Novemba 2024 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ilifuta katazo hilo, na mabadiliko yakaanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025. Ongeza wanaohama chuo hadi chuo, na kila kiangazi nusu ya kikosi inaweza kuwa na sura mpya.

Mwanzoni mwa msimu dalili huonekana nyuma, si mbele. Kipaji cha kufunga mtu huja nacho begani, lakini kupokezana watu mbele ya lango lenu ni mazoea. Tazama pale puki inapotoka kona kwenda nyuma ya lango: mabeki wawili wakimfuata mtu mmoja na mshambuliaji akabaki peke yake mbele ya kipa, hapo hawajazoeana. Kosa hilo likiendelea hadi mwisho wa Novemba, basi ni la ufundishaji.

SWALI: Mechi ya BU na BC ya mapema inatabiri lolote? – Msomaji, Brighton, Boston

Kidogo sana. Vyuo hivi viko kwenye barabara moja, Commonwealth Avenue, na kila kimoja kina mataji matano ya taifa: BC 1949, 2001, 2008, 2010 na 2012, BU 1971, 1972, 1978, 1995 na 2009. Huwezi kupata watani wa jadi waliolingana kuliko hawa.

Msimu wa 2024-25 unatosha kuwa somo. Mwishoni mwa Januari BC waliwapiga BU mara mbili katika wikiendi moja, wakiwa na Ryan Leonard, aliyemaliza msimu na magoli 30, na kipa Jacob Fowler. Yeyote angeapa kwamba mjadala umekwisha. Tarehe 10 Februari wakakutana fainali ya Beanpot, kombe la vyuo vinne vya Boston ambalo huchezwa Jumatatu mbili za kwanza za Februari, na BU wakashinda 4-1. BC waliingia mashindano ya taifa wakiwa namba moja nchini, wakatolewa na Denver hatua moja kabla ya nusu fainali. BU wakaenda hadi fainali tarehe 12 Aprili, wakafungwa 6-2 na Western Michigan. Huo ni umbali wa miezi mitatu tu. Fikiria kuanzia Oktoba.

Katika mechi ya watani, kitu cha kutazama ni adhabu. Kelele za jukwaani huwafanya wachezaji wachelewe kwa nusu sekunde na kumvamia mpinzani kwa bega, na timu inayotoa nafasi tano za namna hiyo kwa wapinzani wenye washambuliaji wa kiwango cha BC au BU imejifunga yenyewe. Ugomvi wa ngumi vyuoni ni kutolewa, pamoja na kuikosa mechi inayofuata.

SWALI: Mwanangu anasoma Boston na ananiambia nifuatilie. Mechi zinachezwa saa ngapi kwetu, na sare inaishaje? – Mzazi, Arusha

Mama au Baba, mechi nyingi ni Ijumaa na Jumamosi. Ile inayoanza saa moja jioni kwao huwa saa nane usiku kwetu, kuamkia siku inayofuata. Jumapili ya kwanza ya Novemba wao hurudisha saa nyuma, na kuanzia hapo mechi hiyohiyo inaanza saa tisa usiku. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, saa husimama kila filimbi ikilia, na ukijumlisha mapumziko mawili, tenga kama saa mbili na nusu.

Zikitoka sare, zinacheza dakika 5 za nyongeza, watatu kwa watatu mbali na makipa, na goli la kwanza linamaliza mechi. Lisipopatikana, kwenye rekodi ya taifa mechi inabaki sare, ila Hockey East hupiga mikwaju kugawana pointi: ushindi ndani ya dakika 60 ni pointi 3, ushindi wa nyongeza au mikwaju ni 2, na aliyeshindwa hapo hupata 1. Kwenye mtoano wa taifa hakuna mikwaju. Wanacheza vipindi kamili vya dakika 20, watano kwa watano, hadi mmoja afunge, kwa hiyo usiku huo chai iwe kwenye chupa kubwa.