Alama 90 kwenye kijitabu, na Zaburi ya 23 haisomeki

SWALI: Mwalimu, salamu katika jina la Bwana. Mimi na mume wangu tunaishi karibu na Kitale, na miaka miwili iliyopita tuliwaondoa watoto wetu shuleni ili tuwasomeshe nyumbani katika imani. Tunatumia vijitabu vya mtaala wa Kikristo kutoka Marekani. Kifungua mimba wetu ana miaka 10 na hupata alama zaidi ya 90 karibu katika kila mtihani wa kijitabu. Nina duka la pembejeo za kilimo, kwa hivyo watoto hukaa chumba cha nyuma wakifanya kazi zao huku nikihudumia wateja. Mwezi uliopita nyanya yao alimwomba huyu mkubwa asome Zaburi ya 23 katika ibada ya nyumbani, akakwama tangu mstari wa kwanza. Alipopewa Biblia ya Kiingereza aliisoma, lakini hakuweza kueleza alichokisoma. Kuna mtu anayetushauri tuhamie mtaala mwingine wa Kikristo, wa mtandaoni, unaolipiwa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, naye anasema utampa mtoto cheti cha kimataifa bila haja ya mitihani ya serikali. Je, mtaala upi ulio bora? (Mama wa watoto watatu, Kaunti ya Trans Nzoia)

JIBU: Mama, sitakutajia mtaala, kwa sababu mtaala sio uliomkwamisha mwanao mbele ya nyanya yake. Wazazi wanaoniandikia kuhusu elimu ya nyumbani huuliza swali hili kabla ya jingine lolote, na ninapowauliza ni nani anayeketi na mtoto wakati wa somo, jibu huwa ni kimya au ni maelezo marefu kuhusu ubora wa vitabu. Vijitabu mlivyo navyo, vikipata mtu mzima wa kuvifundisha, vingewafikisha mbali. Na mtaala wowote mtakaonunua baada ya hivyo, ukiachwa katika chumba cha nyuma pamoja na watoto, utawarudisha hapa hapa mlipo. Kwa miaka miwili mwanao amepewa kazi, akaimaliza, akasahihishiwa, lakini hakuna aliyemfundisha.

Tazama jinsi alama hizo 90 zinavyopatikana. Mifumo mingi ya vijitabu vya Kikristo inafuata nyayo za ule ulioanzishwa Texas mwaka 1970 kwa jina la Accelerated Christian Education, ambao hugawanya somo la mwaka mzima katika vijitabu 12, mtoto akijiwekea malengo ya siku, akijisomea, akijisahihishia kwa ufunguo wa majibu, kisha akifanya mtihani ambao alama ya kufaulu ni 80. Sehemu kubwa ya maswali ni ya kujaza pengo, na neno linalotakiwa huwa limeandikwa mistari michache juu ya swali lenyewe, mara nyingi katika sentensi ile ile. Mtoto mwerevu, na wako bila shaka ni mwerevu, hugundua mapema kwamba hahitaji kusoma aya nzima: anatazama pengo, anapandisha macho, anatafuta sentensi inayofanana, anachukua neno. Mtihani unapofika hukuta maneno yale yale katika sentensi zile zile, naye huyatambua. Kulitambua jibu unapoliona ni jambo moja, na kulitoa mwenyewe kichwani pasipo kijitabu mbele yako ni jambo jingine kabisa, na hilo la pili ndilo tunaloliita kujua. Nyanya yake, bila kukusudia, alimpa mtihani wa kwanza wa kweli katika miaka miwili.

Sisemi kwamba mfumo huo ni wa hila. Waliouanzisha walitaka awepo msimamizi karibu na mtoto, wa kumwelekeza na kukagua kazi yake, lakini uliposafiri hadi kwetu kwa njia ya nakala za kudurufu, msimamizi aliachwa njiani na vijitabu vikafika peke yake.

Dhana inayonichosha kuliko zote, na ambayo nimeisikia hata kutoka kwa watumishi wa Mungu waliosoma vizuri, ni kwamba kitabu kikishapewa jina la Kikristo kinaweza kumfundisha mtoto chenyewe, na kwamba utakatifu wa maudhui hufidia kutokuwapo kwa mwalimu. Wengine huenda mbali zaidi, wakasema kwamba Roho Mtakatifu ndiye mwalimu wa mtoto, kwa hivyo mzazi asihangaike na mbinu za kidunia. Huo ni uvivu uliovikwa kanzu. Andiko ambalo wazazi wa elimu ya nyumbani hulinukuu kuliko mengine yote, Kumbukumbu la Torati 6:6-7, linamwagiza mzazi ayanene maneno ya Mungu kwa watoto wake aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Agizo lote linaegemea kinywa cha mzazi na muda anaokaa na mtoto. Luka 2:46 inatuonyesha Yesu akiwa na miaka 12, ameketi katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali, na Matendo 22:3 inatuambia kwamba Paulo alilelewa miguuni pa Gamalieli. Ikiwa hao walihitaji mtu mbele yao wa kusema na kuulizwa, sijui ni kwa hoja gani tunaamini kwamba mtoto wa Trans Nzoia ataelimika kwa kuketi peke yake na kalamu ya risasi. Na aya ya kukariri iliyochapishwa juu ya ukurasa wa hesabu haimjengi mtoto katika imani. Nimeona watoto walioijaza kwa usahihi pengo kwa pengo bila kujua kama maneno hayo yalisemwa na Musa au na Petro.

Sasa nije kwa mwanao. Kwamba alikwama katika Kiswahili ni jambo la kutarajiwa, kwa sababu vijitabu vya Marekani havina Kiswahili, na yaonekana hakuna kilichowekwa mahali pake. Hilo linarekebishika haraka kuliko mnavyohofu. Maandishi ya Kiswahili yana utaratibu, herufi husomeka kwa sauti ile ile popote zinapokaa, kwa hivyo mtoto wa miaka 10 anayeisoma herufi ya Kiingereza tayari anaweza kuzimudu silabi katika miezi michache akiwa na mtu wa kumsikiliza kila siku. Linalonitia wasiwasi ni lile la pili, kwamba alisoma Kiingereza kwa ufasaha wa ulimi bila kuelewa, maana hilo halionekani kwenye alama na huweza kujificha mpaka mtoto afike umri wa kidato ndipo lijitokeze kama kushindwa katika kila somo kwa pamoja.

Wiki hii, kabla ya kufungua kijitabu chochote, mpe ukurasa wa hadithi ambayo hajawahi kuiona, asome kwa sauti, kisha ufunge kitabu na umwambie akusimulie alichosoma kwa maneno yake. Akikosea au kuruka zaidi ya maneno kama 10 katika kila 100, kitabu hicho ni kigumu kwake na mshuke ngazi moja. Akisoma vizuri lakini asiwe na la kusimulia, basi mjue mahali pa kuanzia. Usimuulize maswali ya ndiyo na siyo, na usimsaidie kwa kumtajia maneno. Zoezi hili la kusoma mara moja na kusimulia ni la kale. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza na Mkristo wa Kianglikana ambaye mwaka 1892 alifungua chuo cha walezi huko Ambleside, alilifanya kuwa nguzo ya mafundisho yake pamoja na masomo mafupi, na halina gharama yoyote isipokuwa mtu mzima aliyetulia na kusikiliza. Ndiyo sababu hakuna anayeliuza.

Kwa umri wa wanao, saa tatu za asubuhi zinatosha, zikigawanywa katika vipindi vya dakika 20 hadi 30, mradi ziwe saa ambazo wewe au baba yao mko mezani pamoja nao, simu imewekwa kando na duka limefungwa au lina mtu mwingine. Najua kwamba hilo ndilo gumu, na najua ni asubuhi ambapo wakulima huja kununua mbolea. Ikiwa haliwezekani kabisa, yaani ikiwa hakuna mtu mzima katika nyumba yenu anayeweza kutoa saa hizo tatu siku tano kwa wiki, basi warudisheni shuleni na mwendelee kuwalea katika imani asubuhi, jioni na siku ya Bwana, kama walivyofanya Wakristo wengi sana kabla yenu. Hakuna dhambi katika hilo. Wanaohubiri kwamba shule ni Misri husahau kwamba, kwa mujibu wa Matendo 7:22, Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri, akawa hodari wa maneno na matendo.

Mkiendelea nyumbani, vijitabu vibaki kuwa mazoezi baada ya somo, visiwe ndivyo somo. Ufunguo wa majibu ukae kwako. Hesabu za inchi, futi na senti za dola zirukwe, na badala yake mwanao apime magunia kwa kilo dukani kwenu na akokotoe chenji, kwani mna maabara ya hesabu ambayo familia nyingi hazina. Pakueni pia miundo ya mtaala ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ambayo inapatikana bure katika tovuti yake, ili mjue mtoto wa gredi yake hapa Kenya anatarajiwa kujua nini katika Kiswahili, sayansi na masomo ya jamii. Kuifuata neno kwa neno si lazima, lakini kutoijua kabisa ni kumfungia mtoto mlango ambao huenda akauhitaji.

Mlango huo ndio unaonifikisha kwa mshauri wenu wa mtandaoni, na hapa nasema na kila mzazi anayesoma. Cheti kinachotolewa na mwenye mtaala kwa mtoto aliyemaliza mtaala huo ni barua ya pongezi mpaka taasisi nyingine ikubali kukitambua. Katika Kenya, vyeti vya shule kutoka nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani, KNEC, na kabla ya kulipa hata shilingi moja mzazi aweza kuliuliza baraza hilo kama cheti anachoahidiwa kinalinganishwa na nini. Muuzaji anayesema kwamba hakuna haja ya kuuliza anajua jibu litakuwa nini.

Wapo pia wanaosema kinyume chake, kwamba mtoto atakaa nyumbani kwa raha, kisha atajiunga na mtihani wa Gredi ya 6 au ya 9 dakika za mwisho. Hao hawajasoma mfumo wenyewe. Katika tathmini ya mwisho wa shule ya msingi, mtihani wa KPSEA hubeba asilimia 40 tu, na asilimia 60 hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6 ambazo shule hupakia kwa KNEC mwaka baada ya mwaka. Kwa KJSEA ya Gredi ya 9, asilimia 20 hutoka KPSEA, asilimia 20 tathmini za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 mtihani wenyewe. Mtoto ambaye hayumo katika rejista ya shule yoyote hana alama hizo za miaka iliyopita, na haziwezi kubuniwa baadaye kwa uhalali. Mwanao ana miaka 10, kwa hivyo uamuzi huu ni wa mwaka huu. Njia ya pili, ambayo familia nyingi zinazosomesha nyumbani huichukua, ni mitihani ya kimataifa ya sekondari kutoka Uingereza, Cambridge IGCSE, ambayo hukubali watahiniwa wa kibinafsi kupitia vituo vilivyoidhinishwa, katika misimu ya Mei na Juni au Oktoba na Novemba. Hulipiwa kwa kila somo na si rahisi, na sayansi zake zinahitaji mtoto awe ameshika vifaa, hata pale anapochagua karatasi mbadala ya vitendo.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, maana mimi ni mwalimu na si wakili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa, na yupo mzazi wa magharibi mwa Kenya aliyekamatwa kwa kuwasomesha watoto wake nyumbani. Wekeni kumbukumbu za masomo, madaftari yenye tarehe na orodha ya vitabu, na mtafute wakili kabla ya chifu kubisha hodi. Yeyote anayewaambia kwamba kifungu cha 32 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa dini, kinamaliza suala hili, hajakisoma pamoja na kifungu cha 53, kinachompa mtoto mwenyewe haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Mshauri wenu mwulizeni mambo haya kwa maandishi: mtoto atafanya mtihani gani, katika kituo kipi, kwa msimbo gani wa usajili, na ni nani atakayemfundisha kwa sauti ya mwanadamu kila siku. Kisha pigeni simu katika kituo alichokitaja. Ada ya mwaka mzima isilipwe kabla ya simu hiyo, hata kama punguzo analowapa linaisha Ijumaa. Na yule mdogo wenu wa mwisho, ikiwa bado hajafika umri wa shule, msimnunulie kijitabu chochote mwaka huu. Msomeeni hadithi za Biblia kwa Kiswahili kila jioni, na kaka yake mkubwa awe ndiye msomaji.