Msiiguse hiyo miti! (jibu kwa mwenye uzi wa kuboresha katikati ya mji Mtwara)

Mkuu, nimesoma uzi wako mara mbili na roho imeniuma. Umesema nyie wenye maduka hapo katikati ya mji mnataka kuchangishana mtaa upendeze ili wateja warudi, umeuliza taa, choo cha kulipia, bustani, rangi za maduka, halafu ukachomekea kimstari kwamba "miti michache itatoka na mama lishe watasogezwa ili tuweke pevingi", yaani zile bloku za kutandika chini. Hapo hapo simama. Hayo ya taa tutaongea.

Mimi nina fremu ya khanga na vitenge Lindi mjini. Mbele yetu kulikuwa na mikungu minne mikubwa, ile miti ya kungu, chini yake kijiwe cha bodaboda, mama wa uji na chapati, fundi viatu, na watoto wakitoka shule wanagonga kungu kwa mawe wale kile kiini. Kweli majani yalitusumbua, yakishaiva mekundu unafagia asubuhi, saa nne pamejaa tena. Ndo akaletwa jamaa kutoka Dar, mtaalamu wa miji eti, na laptopu yake, akatuonyesha picha ya mtaa mweupeee, maua kwenye vyungu, bodaboda hakuna hata mmoja. Akasema miti inaficha mabango, mteja anatakiwa aone duka toka mbali. Tulikuwa maduka 11, tukachanga laki nne nne, na daftari la michango nilikuwa nazunguka nalo mimi. Msumeno ulikuja Agosti, siku mbili kazi imeisha.

Agosti kusi inavuma, kuna ubaridi, tukaona tumepatia. Ikaja Oktoba. Sisi huku tupo kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwenye tarehe 20 za Oktoba jua la mchana linakaa utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Na ndo msimu wa korosho huo huo, minada imeanza, hela za stakabadhi ghalani, yaani za korosho walizoweka ghalani zikauzwa mnadani, zinaingia benki, mkulima katoka kijijini alfajiri na mkewe, wamepanga foleni, mpaka saa saba ndo wana pesa mkononi. Zamani wakitoka hapo wanakuja kukaa chini ya mkungu, wanakunywa uji, wanasubiri gari, mama macho yanazunguka, anaingia anashika doti moja, anaiweka, anashika nyingine, anauliza bei. Khanga zinauzika hivyo, kwa mtu aliyekaa akapumzika. Bango halijawahi kuniuzia hata doti moja.

Mwaka ule wote walipita ng'ambo ya barabara kwenye majengo ya zamani yenye baraza. Kwetu pevingi zinapiga mwanga machoni, ukivaa ndala unasikia moto unapanda, ungeweza kukaanga dagaa pale. Kuna bibi mmoja mteja wangu kila msimu, nilimwona kabeba mjukuu mgongoni kamfunika kichwa na khanga, kasimama ukingoni, akaangalia duka langu, akaangalia ile sakafu, akamsogeza mtoto vizuri, akageuka. Sijamsahau mpaka leo. Novemba ya kabla ya hapo niliuza doti 340, Novemba ile 127. Wenzangu wawili walirudisha fremu.

Nikampigia yule mtaalamu, akaniambia tununue miamvuli. Miamvuli! Upepo wa kaskazi ulipoanza uliibeba jioni moja tu, mmoja tuliukuta juu ya paa la watu. Mtu amekula hela yako, hajawahi kusimama hapo mchana hata siku moja, kisha anakujibu hivyo, inauma sana.

Na hao mama lishe na bodaboda mnaotaka kuwasogeza ndo wanaoleta miguu. Bodaboda anashusha mtu mlangoni kwako, mama wa uji anamkalisha. Machinga mnamsema anachafua mji, na jina lenyewe wanasema limetoka kwetu Lindi, kwa Wamachinga.

Kwa hiyo mkuu, kivuli kwanza, mengine yote baadae. Nendeni hapo Mikindani, kilomita kama 10 tu, muone nyumba za wazee zilivyowekewa baraza mbele, walijua jua la huku. Pevingi kama mnaitaka sana ipite kuuzunguka mti, muache udongo mpana kwenye shina maana mizizi ya mkungu inainua bloku. Majani mlipeni kijana afagie asubuhi na jioni, sisi tungefanya hivyo ingetugharimu kidogo sana. Sasa hivi tumepanda upya, miche ina miaka mitatu, imefika usawa wa paa, kivuli kinatosha pikipiki mbili na benchi la mama wa uji. Amerudi, ila asubuhi tu.

Kesho saa saba mchana chukua daftari nenda kasimame hapo mtaani kwenu, hesabu watu wamekaa wapi, chini ya mti wangapi na juani wangapi, kisha uwasomee wenzako kwenye kikao kabla hamjamlipa mtu wa msumeno. Uniletee na hapa.