Mgeni alidokeza, mimi nikang'amua

Neno moja la Kiingereza liliwahi kunikalisha ofisini hapa Moshi nusu saa nzima nikijieleza. Neno lenyewe ni infer. Nyie mnaoanza kuongoza wageni mlimani na mnaandika ripoti kwa Kiingereza, nisikilizeni.

Tulikuwa kambi ya Barafu mlimani Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, usiku wa kuamkia kileleni. Jioni mgeni wangu aliacha supu, akasema kichwa kinagonga kidogo tu, kisha akauliza kama kuna watu huwa wanaishia pale. Hakusema anaumwa. Saa tano usiku nilipomwamsha alishindwa kufunga kamba za viatu, akasimama akayumba kama katoka kunywa mbege. Kuyumba kwa namna ile huko juu usikuite uchovu, huenda ubongo umeanza kuvimba. Tukashuka naye kuelekea Mweka usiku uleule.

Kwenye ripoti nikaandika kwamba jioni ile mgeni "inferred" kuwa anaumwa. Bosi akasoma, akavua miwani. "Kama alishatambua jioni, mbona ulimlaza huko juu?"

Alikuwa na hoja. Infer ni kazi ya anayesikia au kuona: unazipima dalili, unapata jibu. Anayetoa dalili bila kutamka, kitendo chake ni imply. Kiswahili hakina utata hapo: mmoja anadokeza, mwingine anang'amua. Mgeni alidokeza jioni, mimi nikang'amua usiku. Ripoti yangu ilimpa yeye kazi yangu, tena kwa saa isiyo yake.

Kilichonisaidia kutochanganya tena ni asili ya maneno haya. Yote mawili ni ya Kilatini. Infer linatokana na inferre, na ferre ni kubeba: unabeba ushahidi mpaka kwenye hitimisho. (Wagumu wetu, wapagazi wa mlimani, watalishika haraka hilo.) Imply linatokana na implicare, kukunja ndani. Maana imefungwa ndani ya maneno kama hela kwenye pindo la khanga. Wewe ndiye unayefungua. Waingereza wenyewe wamekuwa wakiyachanganya tangu karne ya 16, ila usitegemee bosi wako akusamehe kwa hilo.

Wala infer si kubahatisha. Wenzetu wa Arusha wanaopeleka wageni mbugani wanalijua hili: ukikuta nyayo za simba juu ya alama za tairi za asubuhi, unang'amua kuwa simba kapita baada ya gari. Ukiongeza kwamba ana njaa, hapo unakisia, na Kiingereza chake ni guess.

Kwenye tahajia, inferred ina r mbili mwishoni, inference ina moja. Bosi aliponirekebishia ripoti aliandika inferred kwa r moja. Nilisaini hivyohivyo.