Maswali ya wasomaji: websaiti ya mteja ikidondoka saa nane usiku nani anajua?

Swali: Habari za kazi kaka. Mi ni fundi wa websaiti hapa Mtwara mjini, Chikongola. Wateja wangu ni mchanganyiko, kuna lodge ya Mikindani, shule, duka la vifaa vya ujenzi na jamaa wa kubangua korosho, karibu websaiti zote zimejengwa kwa WordPress, ule mfumo wa kutengenezea websaiti. Kinachoniumiza ni kwamba kila siku mteja ndo wa kwanza kujua websaiti haifunguki, ananipigia ndo na mimi nashtuka. Alaf juzi kati ya shule ilikuwa inafunguka vizuri tu kwangu kumbe mzazi akiisachi Google anapelekwa kwenye matangazo ya kubeti, mwalimu mkuu kanijia juu kweli. Nataka niwawekee wote aleti za usalama na niwatoze kwa mwezi. Nianzie wapi, na mteja mwenyewe nimtumie aleti zipi?

Jibu: Mdogo wangu, websaiti kufunguka ni jambo moja na kuwa salama ni jambo jingine kabisa, ya shule imekuonyesha hilo. Kwahiyo kabla hujafungua akaunti ya chombo chochote kaa na kila mteja umuulize, kitu gani kikiharibika humu unapoteza hela au jina? Wa lodge atakwambia fomu ya bukingi. Wa korosho atakwambia imeili, mana mnunuzi wa nje anamwandikia kwa anwani ya kampuni, na domeni, yaani jina la websaiti, ikilala tu hata imeili inalala nayo. Shule ni jina lake mbele ya wazazi. Hivyo ndo vya kuviwekea macho, usianze na vile ambavyo chombo kinakuletea vyenyewe.

Kuangalia kama inafunguka ndo rahisi kuliko vyote. Kuna UptimeRobot, mpango wake wa bure unakagua kila dakika 5, ila soma masharti kwanza uone kama unaruhusiwa kuutumia kwa kazi ya wateja unaowatoza. Kuna Uptime Kuma, hii ni programu huria unaiweka mwenyewe kwenye seva yako na inakutumia meseji Telegram, imeili, unavyotaka. Wengi wanaiweka kwenye laptopu nyumbani, hapo wanajiumiza bure, mana umeme ukikatika Mtwara au bando likiisha ama chombo kinanyamaza kimya ama kinakuletea taarifa kwamba websaiti zote zimekufa kwa mpigo, na usiku huo hulali. Kodi seva ndogo nje, na isiwe ileile iliyobeba websaiti za wateja, mana ikidondoka hiyo inadondoka na mlinzi wake.

Hapo hapo kuna jambo watu wa huku kwetu tunalijua kwa uchungu. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 websaiti iliyohostiwa Ulaya ilikuwa nzima kabisa, seva inapumua, chombo kilichokaa Marekani kinasema kijani, wakati mteja wako hapa haoni kitu na anakupigia. Hujakosea wewe wala hosti, yaani kampuni inayohifadhi websaiti, njia ndo imekatika. Kwahiyo kagua kutoka sehemu zaidi ya moja, na kama unaweza moja iwe inapita kwenye mtandao wa hapa Tanzania, ndo utaweza kumjibu mteja kwa uhakika badala ya kubishana nae.

Seti ikujulishe baada ya kukosa jibu mara mbili au tatu mfululizo, sio mara moja. Hosti za bei nafuu zinakwama sekunde chache alaf zinarudi, ukipigiwa kengele kila zikikwama baada ya wiki mbili utazima sauti, na siku ya tatizo la kweli simu itakuwa imenyamaza mfukoni.

Sasa tuje kwenye shule, hapa ndo naomba usome taratibu. Waliokuingilia waliweka kodi, yaani maandishi ya programu, inayobagua mgeni. Ukiandika anwani moja kwa moja unaona shule, ila roboti ya Google ikija, au mtu akibonyeza kutoka kwenye matokeo ya kusachi, anapewa kurasa za kubeti. Ndomana wewe ulikuwa huoni kitu, na hata chombo cha kuangalia kufunguka kingekupa kijani, mana seva inajibu 200, yaani namba ya kusema ukurasa upo sawa, kama kawaida. Aleti ya kawaida haishiki huu ugonjwa. Zinazoushika ni hizi. Kwanza ukaguzi wa neno, yaani chombo kinafungua ukurasa na kutafuta maneno ambayo lazima yawepo, mfano jina la shule pale chini, yasipokuwepo kengele inalia, na unaongeza wa kinyume chake, yakionekana maneno ya kamari ilie pia, japo huu peke yake hautoshi kwa kodi inayobagua. Pili na muhimu zaidi ni Google Search Console. Ni bure, msajili kila mteja, mwenye mali awe mteja kwa imeili yake na wewe uongezwe kama mtumiaji, Google ikigundua udukuzi inatuma imeili na inaonyesha kwenye sehemu ya matatizo ya usalama. Tatu kwa mkono, andika Google site: ikifuatiwa na domeni ya shule bila kuacha nafasi, upitie kurasa zilizosajiliwa. Ukiona kurasa mia za kubeti ambazo hujawahi kuziandika ujue mdukuzi aliingia na huenda yumo ndani bado.

Na usifute zile kurasa ukadhani umemaliza. Tafuta mlango alioingilia, mara nyingi ni plagini (kiongezeo cha WordPress) ya zamani au themu (muundo wa kurasa) ya kupakua bure ambayo inauzwa kwingine, angalia watumiaji wenye cheo cha admini kama wote unawajua, badili paswedi zote mpaka za hosti na databesi, rudisha faili safi, alaf ndo uombe Google waipitie upya. Ukiruka hatua ya mlango watarudi.

Aleti za usalama za WordPress nyingi ni kelele. Wordfence, plagini ya ulinzi, ukiiweka bila kuigusa setingi itakujazia imeili, kila roboti ikifungiwa kwa kukosea paswedi unaambiwa. Mi naacha chache tu: mtu mwenye cheo cha admini kaingia, admini mpya kaongezwa, faili la mfumo limebadilika wakati hakuna apdeti iliyofanyika, plagini imetangazwa kuwa na tundu la usalama. Basi. Majaribio ya paswedi yazuie kwa kuweka ukomo na uthibitisho wa hatua mbili, huna haja ya kuyasoma. Na ujue Wordfence ya bure inapata sheria mpya za kuzuia siku 30 baada ya wanaolipia, kwahiyo tundu jipya likitangazwa apdeti plagini siku hiyohiyo, usiiegemee hiyo.

Vyeti vya SSL, vile vinavyoweka https kwenye anwani, ni mtego mwingine wa sasa hivi. Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, cheti chao kinaishi siku 90 na walikuwa wanatuma imeili ya kukumbusha, wameacha tangu Juni 2025, kwahiyo kama ulikuwa unazitegemea hazipo tena. Na huko mbele muda unafupishwa kwa vyeti vyote, kuanzia Machi 2029 cheti kipya hakitazidi siku 47, yaani kama kuna mteja unamhuishia kwa mkono anza kuhamia kwenye kujihuisha chenyewe mapema. Uptime Kuma inakuonya cheti kikikaribia kuisha. Domeni vilevile, ziandike tarehe zake kwenye kalenda ya simu, ukumbusho wa siku 30 na wa siku 7, na uhakikishe imeili iliyoko kwa msajili wa .co.tz inafunguliwa na mtu aliye hai kazini, mana nyingi zimeandikwa imeili ya kijana aliyeacha kazi zamani. Fikiria domeni ya jamaa wa korosho imelala mwezi wa kumi msimu umefunguliwa.

Fomu ya lodge ina tabia mbaya ya kufa kimya. Ukurasa unafunguka, mgeni anajaza, anaambiwa asante, imeili haifiki popote. Jitumie bukingi ya majaribio kila Jumatatu uone kama inafika kwa mama mwenye lodge. Na bakapu, yaani nakala ya akiba, nayo iwe na kengele ya kinyume, kuna huduma kama Healthchecks.io, bakapu ikimalizika inabisha hodi huko, isipobisha hodi kwa muda wake wewe ndo unajulishwa. Bakapu yenyewe ikae nje ya seva ya websaiti, na mara mojamoja uirudishe kweli kwenye seva ya majaribio uone inafunguka.

Sasa mteja apate nini? Aleti ghafi usimtumie hata moja. Zije kwako, na ziwe na njia mbili, Telegram na imeili ya hosti nyingine, na kama unasafiri kwenda Newala au Dar kuwe na mwenzako anayezipokea. Wewe ndo unamwandikia mteja kwa Kiswahili, kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Websaiti ya lodge ilikuwa haifunguki leo kuanzia saa 4:10 mpaka saa 4:35 asubuhi. Tatizo lilikuwa kwa kampuni ya hosti, wamesharekebisha. Nimejaribu fomu ya bukingi, inafanya kazi. Kwa upande wako hakuna la kufanya."

Angalia saa hapo. Vyombo vingi vinaandika saa za kimataifa, sisi tuko mbele kwa masaa matatu, alaf bado tunahesabu saa kivyetu, kwahiyo 07:10 ya kwenye chombo ni saa nne na dakika kumi ya mama. Ukimtumia picha ya dashibodi ataona saa moja asubuhi wakati mgeni alishindwa kubuku saa nne. Badili kwenye setingi uweke Africa/Dar_es_Salaam na meseji uandike mwenyewe.

Kuhusu hela, bei panga kulingana na soko lako, ila kwenye makubaliano andika unakagua nini, utajibu ndani ya muda gani mchana na usiku, na kusafisha websaiti iliyodukuliwa kumo au ni malipo ya pembeni. Usimwahidi mtu kwamba hatadukuliwa. Na asilimia 99.9 ambayo watu wanaitangaza ujue inaruhusu kudondoka kama dakika 43 kwa mwezi, mweleze hivyo hivyo kwa dakika aelewe.

Swali: Asalam aleykum. Nina nyumba ya wageni Kilwa Masoko. Kijana aliyenitengenezea websaiti aliunganisha imeili yangu, sasa kila siku naletewa ujumbe wa Kiingereza kwamba kuna mtu anajaribu kuingia, na kijana simu yake haipatikani siku hizi. Nakosa amani. Niifunge websaiti?

Jibu: Waaleykum salaam dada yangu, usiifunge. Hizo jumbe kwa kawaida ni roboti zinazozunguka dunia nzima zinajaribu paswedi kwenye kila WordPress, hawakulengi wewe na "anajaribu" maana yake hajaingia. Ujumbe wa kukushtua ni ule unaosema mtu ameingia kama admini wakati hakuna mtu wako aliyeingia.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni hiyo simu isiyopatikana. Fuatilia wiki hii vitu vitatu viwe kwa jina lako na imeili yako: domeni, akaunti ya hosti, na paswedi ya admini. Kampuni ya hosti na msajili wa domeni wafuate na vitambulisho na leseni ya biashara uongee nao, wana utaratibu wao wa kuhamisha. Ukishapata, fundi mpya abadili paswedi zote na amuondoe wa zamani.

Na kama fomu yako inapokea namba za pasi na simu za wageni, hilo sio jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa zikivuja Tume inatakiwa iarifiwe. Mwambie fundi afute picha za pasi zilizorundikana kwenye seva ambazo huna kazi nazo tena, mana zisipokuwepo haziibiwi.

Swali: Niko Lindi, Mtanda, najifunza mambo ya usalama wa mtandao. Naweza kuskani (kukagua kwa programu) websaiti za taasisi na maduka ya hapa nikiona matundu niwapelekee ili wanipe kazi?

Jibu: Hapana mwanangu, usiskani mfumo wa mtu bila ruhusa yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa, na nia yako nzuri haitakusaidia sana ukiwa kituoni unajieleza. Unachoweza kuona kama mgeni yeyote kinatosha kuanzia mazungumzo: cheti kimeisha, websaiti haifunguki, Google inaonyesha kurasa za kubeti kwa jina lao. Nenda ofisini ukiwa na picha za hayo, omba barua yenye sahihi inayotaja domeni na tarehe za ukaguzi, ndo uanze. Nyumbani jifunzie kwenye WordPress uliyoiweka mwenyewe kwenye laptopu yako, hiyo ivunje utakavyo.